Picha moja, wezi wanne: ushtaki hapa nyumbani au uwafuate kwao?

Jamani mtanisamehe hii itakuwa ndefu, ila kila wiki naulizwa swali hilohilo na wapiga picha wenzangu, wachoraji wa hapa mjini na vijana wa TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapa Bagamoyo, kazi yangu kaichukua mtu wa nje, nikashtaki wapi? Mi si wakili, kazi yangu kamera, ila huu ujuzi nimeulipia kwa hela yangu kwahiyo angalau naweza kuwalinganishia nilichokiona, na nilipopotea nitasema nilipotea.

Picha yenyewe ni ngalawa inaingia pwani ya Bagamoyo alfajiri, upande wa soko la samaki, nahodha kakaa nyuma kashika usukani, tanga limejaa upepo, na kwenye tanga kuna kiraka cha turubai la bluu chenye umbo kama la pasi ya mkaa. Kishikeni hicho kiraka. Niliiweka mtandaoni na jina langu pembeni, kuna mtu akalikata jina, picha ikaanza safari zake. Ikatokea kwenye tovuti na katalogi ya kampuni moja ya utalii huko Ujerumani, ikatokea kwenye fulana za mfanyabiashara wa Mombasa, ikatokea kwenye kadi za posta za duka moja Zanzibar, na kuna ukurasa mtandaoni ukawa unauza mabango ya ukutani, mwenyewe hata hajulikani yuko wapi. Fulana moja nililetewa na rafiki, nikampelekea mzee mwenye ngalawa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Ee! Hii si ngalawa yangu hii?"

"Umeijuaje?"

"Kiraka hicho nimekishona kwa mkono wangu, nitaachaje kukijua? Sasa hawa wametulipa nini?"

Sikuwa na jibu, nikabaki nacheka kama mjinga.

Sasa kabla ya kulinganisha chochote kuna kitu kilinipotezea miezi kwa sababu nilikuwa sikijui. Hakuna hakimiliki ya dunia nzima. Mkataba wa Berne wa 1886, ambao Tanzania tuliingia 1994, unafanya picha yako ilindwe kwenye nchi zote wanachama bila kuisajili popote, hiyo ndo raha yake, lakini inalindwa kwa sheria ya kila nchi kivyake. Picha ni moja, haki ni nyingi. Katalogi ikichapwa na kugawiwa Ujerumani, iliyovunjwa ni haki yangu ya Ujerumani, sio ile ya Tanzania, hata kama mwenyewe muda huo nimekaa zangu barazani hapa Bagamoyo nakunywa kahawa. Wanasheria mambo haya wanayaita mgongano wa sheria, na ndani yake kuna maswali matatu ambayo mtu usiyachanganye: mahakama gani itaipokea kesi, itatumia sheria ya nchi gani, na hukumu ikitoka nani ataikaza, yaani atamlazimisha mtu alipe. Wengi wetu tunaishia swali la kwanza. Mi siku hizi naanza na la tatu, namuuliza mtu, huyo mwizi wako mali yake iko wapi?

Kushtaki hapa nyumbani

Utamu wake unajulikana. Lugha yako, wakili yuko karibu, mashahidi wako hapahapa, mzee anakuja na tanga lake mahakamani wanakiona kiraka laivu. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki namba 7 ya 1999 inakupa fidia na zuio, na COSOTA, ofisi yetu ya hakimiliki, wanaweza kukusajilia kazi yako, sio lazima usajili ndo ulindwe ila cheti kinasaidia ukija kubishana nani alianza.

Shida inaanza mlangoni. Sheria ya Mwenendo wa Madai kifungu cha 18 inasema kesi ifunguliwe anapoishi au anapofanyia kazi mdaiwa, au pale chanzo cha madai kilipotokea, chote au hata sehemu yake. Mjerumani wangu haishi hapa, hana ofisi hapa, katalogi hajaigawa hapa. Unaweza kubishana kwamba tovuti inafunguka hata Bagamoyo, sawa, tuseme hakimu amekubali na wito ukapelekwa mpaka huko, yeye akakaa kimya, ukapewa hukumu ya upande mmoja na fidia nono. Hiyo karatasi unaibeba unaipeleka wapi sasa?

Kuna kesi moja kila mtu anayetaka kushtaki nyumbani aisikie. Jamaa wa Uingereza anaitwa Ainsworth, ndo alitengeneza zile kofia nyeupe za askari wa filamu za Star Wars, miaka mingi baadaye akaanza kuuza nakala kwa mtandao mpaka Marekani. Lucasfilm, kampuni yenye filamu hizo, wakamshtaki kwao California, jamaa hakutokea, 2006 wakapewa hukumu ya dola milioni 20. Wakaipeleka Uingereza ikazwe. Ikagoma! Mahakama za Uingereza zilisema huyu mtu hakuwepo Marekani na hakukubali kuhukumiwa kule, na kuuza kwa mtandao tu sio kuwepo. Kampuni yenye mawakili wa kumwaga, imeshika hukumu ya milioni 20 na haina pa kuipeleka, sembuse mimi na lenzi yangu ya mkopo. Ila kesi ilivyofika mahakama ya juu kabisa 2011 majaji wakasema jambo la pili ambalo kwetu ni zuri: mtu akiwa anaishi Uingereza, mahakama ya Uingereza inaweza kumsikiliza mdai anayelalamikia hakimiliki ya Marekani. Maana yake mfuate mtu kwake, hata kama haki aliyoivunja ni ya nchi nyingine.

Ujerumani nao sheria yao ya mwenendo wa madai, kifungu cha 328, kabla ya kuitambua hukumu ya nje inataka kuwe na nipe nikupe, yaani na nyie hukumu zao mnazitambua. Huko ni kuanza kesi ya pili kabla ya kula matunda ya ile ya kwanza.

Nyumbani kunakuwa na meno pale tu mgeni ana kitu chake hapa. Familia ya Solomon Linda, yule Mzulu aliyerekodi wimbo wa Mbube 1939, walimshtaki Disney, aliyeutumia wimbo huo kwenye filamu ya The Lion King, kwao Afrika Kusini 2004, na wakili wao akafanya jambo la akili sana, akakamatisha alama za biashara za Disney zilizosajiliwa Afrika Kusini ili mahakama ya pale iwe na mamlaka. 2006 yakaisha kwa makubaliano. Ila msikimbie na hii, utaratibu huo wa kukamata mali ili kupata mamlaka wameurithi kwenye sheria yao ya Kiroma na Kiholanzi, yetu imetoka kwa Mwingereza, usidhani ukienda Mahakama Kuu Dar utaukuta vilevile.

Kumfuata kwake

Nilikuwa naogopa Ujerumani kuliko kitu chochote na ndo ikawa njia iliyonilipa. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 1215 ya 2012 inasema mdaiwa ashtakiwe anapoishi, na ukimshtaki hapo unaweza kudai madhara yote kwa mpigo. Ukimkimbiza nchi nyingine ya Ulaya eti kwa sababu tovuti yake inafunguka huko, mahakama ya huko inaweza kukusikiliza, lakini fidia utapata ya madhara ya ndani ya nchi hiyo peke yake, ndo ilivyoamuliwa kwenye kesi ya Pinckney 2013. Kwahiyo usimfungulie mtu kesi Ufaransa kwa sababu binamu yako anakaa Lyon. Nenda nyumbani kwa mtu.

Sheria ipi inatumika? Kanuni nyingine, namba 864 ya 2007, wanayoiita Rome II, kifungu cha 8, inataja sheria ya nchi ambayo ulinzi unadaiwa, na hapa hata mkikaa mkakubaliana mtumie ya Tanzania mahakama haiwasikilizi, kwenye uvunjaji wa haki za aina hii wameifunga hiyo chaguo. Nilikuwa naona kama uonevu, kumbe ndo ilikuja kuniokoa.

Ngoja nieleze maana hapa ndo patamu. Kampuni ilijitetea kwamba picha walipewa na hoteli moja niliyowahi kuifanyia kazi, na hoteli ndo mwenye picha. Uongo, siku ile sikuwa kazini, ila ushahidi wangu ulikuwa faili la kamera lenye tarehe na mzee wangu na kiraka chake, nikawa natetemeka. Kwa sheria yetu hapa kazi ya mwajiriwa ina utata wake, haki za kiuchumi zinaweza kwenda kwa bosi. Marekani kazi ya ajira inamfanya bosi ahesabiwe kuwa ndo mtunzi kabisa, halafu mahakama za kule, tangu kesi ya Itar-Tass ya 1998 iliyoamuliwa New York, swali la nani mwenye kazi wanaangalia sheria ya nchi kazi ilikotoka, swali la kama imevunjwa wanaangalia sheria yao, yaani kesi moja sheria mbili. Ujerumani hawana huo mgawanyo, hata swali la nani mtunzi wanalijibu kwa sheria ya Ujerumani, na kwa Mjerumani mtunzi ni binadamu aliyeitengeneza, hakimiliki yenyewe haihamishiki mtu akiwa hai, unachoweza kutoa ni ruhusa ya kutumia tu. Kwahiyo swali likabadilika, badala ya mimi kuthibitisha kwamba hoteli sio mwenye picha ikawa wao waonyeshe karatasi ya ruhusa kutoka kwangu. Hawakuwa nayo. Mnaona? Utetezi uleule, nchi tatu tofauti, majibu matatu.

Na sikufika hata mahakamani. Kule kuna barua ya onyo wanaiita Abmahnung, wakili anamwandikia mwizi aache, asaini ahadi ya kutorudia na adhabu juu yake akirudia, alipe, na sheria yao ya hakimiliki kifungu cha 97a inasema onyo likiwa la haki gharama zake za maana anadaiwa mwizi. Fidia wanaweza kuihesabu kwa kuuliza angeomba ruhusa kihalali angelipa bei gani, kuna jedwali la bei za picha linaloitwa MFM ambalo mahakama nyingi hulitazama, na jina la mpiga picha likiwa limekatwa mara nyingi huongeza asilimia 100 juu yake. Lile jina lililokatwa pembeni likageuka hela! Wiki ya tano walilipa, kiasi sitaji maana ndugu nao wanasoma.

Ila nisiwadanganye kwamba Ujerumani ni mteremko. Ingefika mahakamani, kesi za ngazi ya Landgericht, yaani mahakama yao ya mkoa, lazima uwe na wakili, lugha Kijerumani, nyaraka za Kiswahili zote utatafsiri, atakayeshindwa anabeba gharama za mwenzake, na mdai asiyeishi Ulaya mdaiwa anaweza kuomba aweke kwanza dhamana ya gharama, kifungu cha 110 cha sheria yao ileile ya mwenendo wa madai. Unaitoa wapi hiyo dhamana, unauza kamera ili udai picha? Ndo maana nasema linganisha barua ya Ujerumani na kesi ya Tanzania, sio kesi na kesi. Barua ilinipa hela, kesi ya hapa ingenipa karatasi. Lakini kama madai yako ni ya kiasi kidogo na mwizi ni mtu mmoja asiye na kitu, hata barua usipoteze hela.

(Mzee aliuliza, na sura yangu je? Swali zuri kweli. Ujerumani wana sheria tangu 1907 inayotaka ridhaa ya mtu kabla ya kusambaza sura yake, lakini hiyo ni haki yake yeye, sio yangu, na mimi mwenyewe sikuwahi kumwomba kwa maandishi. Siku hizi naomba.)

Mombasa na Zanzibar

Mombasa inaonekana rahisi kwa sababu ni jirani na Kiswahili kile, na kwa kweli ina kitu Ujerumani haina: Kenya wana sheria ya kutambua hukumu za nje, Sura ya 43, na Tanzania imo kwenye orodha, pamoja na Uganda, Rwanda, Zambia, Uingereza na wengine. Hukumu ya Mahakama Kuu yetu unaweza kuiombea usajili Mahakama Kuu ya Kenya ndani ya miaka 6. Nilivosikia hivyo nikafurahi, nikamwambia dada mmoja wakili, dada basi tumalize hapahapa. Akaniambia tulia kaka, soma mpaka mwisho. Mwisho wake ni mzimu uleule wa kofia, lazima mahakama yetu iwe ilikuwa na mamlaka juu ya huyo mtu kwa macho ya Kenya, yaani aliishi huku, au alikuwa na ofisi ya biashara huku na madai yametokana nayo, au alijitokeza akajibu kesi. Mtu anayechapa fulana Mombasa, anauza Mombasa, na wito wetu kaugeuza karatasi ya kufungia vitumbua, hukumu yetu haimtishi.

Kwahiyo Mombasa kuna njia mbili na zinategemea fulana zinauzwa wapi. Kama ni Mombasa tu, nenda kashtaki huko kwa sheria yao ya hakimiliki ya 2001, anza na KECOBO, ofisi yao ya hakimiliki, basi la Tanga mpaka Mombasa si safari ya kukutisha. Kama zinavuka mpaka wa Horohoro zinaingia huku, mambo yanageuka kabisa, sasa anavunja haki yangu ya Tanzania ndani ya Tanzania, chanzo cha madai kipo hapa, na mzigo wenyewe unakamatika. Mali iliyoko mkononi ni bora kuliko hukumu ya kusafirisha.

Zanzibar nitapita haraka ila ndo iliyonishangaza kuliko zote. Nilidhani ni nyumbani. Nchi moja, bendera moja, boti saa chache. Kumbe hakimiliki sio jambo la Muungano, wao wana sheria yao ya 2003 na ofisi yao COSOZA, Mahakama Kuu yao ni nyingine, tunakutana tu Mahakama ya Rufani. Alama za biashara hivyohivyo, ukisajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara wa Bara, umejilinda Bara tu, Unguja na Pemba unasajili upya kwa wakala wao, BPRA. Yaani kwa kesi hii Zanzibar ni nje. Mi sikushtaki, nilipanda boti nikaenda na picha kubwa niliyoichapa, mwenye duka akaita mzee mmoja wa mtaa tukakaa, akatoa kadi zilizobaki na hela kidogo, tukanywa chai yakaisha. Hakuna mahakama ingenipa hivyo kwa siku moja.

Fomu za mtandaoni

Ule ukurasa wa mabango ndo watu wengi wanaanzia na ndo sahihi kuanzia, kwa sababu ni bure. Mitandao mingi mikubwa ni ya Marekani inafuata sheria yao ya 1998, DMCA, unajaza fomu, wanashusha. Yangu ilishuka siku ya tatu, nikapiga makofi. Siku ya saba ikaja barua pepe, mwenye ukurasa amepinga. Hapo ndo niliposoma maandishi madogo: ukishapingwa, kitu kinarudishwa baada ya siku 10 mpaka 14 za kazi, isipokuwa uoneshe umefungua kesi. Na mpingaji ili apinge lazima akubali mamlaka ya mahakama ya shirikisho ya Marekani, hata akiwa anaishi Manzese. Yaani mimi wa Bagamoyo na yeye sijui wa wapi tunatakiwa tukutane California kugombania ngalawa ya Bagamoyo.

Kufungua kesi mahakama ya shirikisho ada peke yake dola 405. Kuna baraza dogo la madai ya hakimiliki lililofunguliwa 2022, ada dola 100 kwa jumla na fidia haizidi dola 30,000, nalo linasimamisha ile saa ya siku 14, lakini mdaiwa lazima awe mtu wa Marekani, kazi uwe umeiombea usajili kwao, na mdaiwa ana siku 60 za kujitoa bila hata kutoa sababu. Nilikaa kimya picha ikarudi, nikajaza fomu nyingine kwa kila bango jipya, jamaa akachoka kabla yangu. Kwa mwizi asiye na sura na asiye na anwani hakuna njia nyingine ya maana, mchoshe.

Usuluhishi wa WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa la hakimiliki na hataza, kule Geneva upo, na tuzo ya usuluhishi inasafiri vizuri kuliko hukumu kwa sababu ya Mkataba wa New York wa 1958, Tanzania, Kenya na Ujerumani wote wamo. Tatizo mpaka mkubaliane, na mwizi akubali kwa faida ya nani? Huo ni wa kuuweka kwenye mkataba na mteja wako leo, kabla hamjagombana.

Muda sasa, wengi ndo mnapoumia. Tanzania, Kenya, Ujerumani, Marekani, kote nilikokutajia kawaida ni miaka 3, isipokuwa Ujerumani wanaanza kuhesabu mwisho wa mwaka uliojua. Wa Mombasa mimi nimebakiza miezi 9.

Na huyo bado sijamaliza naye. Kuna mtu ameniambia fulana zimeonekana Tanga, mtaa wa Ngamiani, ile ya bluu bahari yenye ngalawa kifuani. Mlioko Tanga mkiiona angalieni tanga, kama kuna kiraka chenye umbo la pasi nunueni moja, daini risiti yenye tarehe na jina la duka, msimwambie kitu muuzaji. Hela yenu nitairudisha na nauli ya bodaboda juu.